Mchina wa Ndoo

Walitangaza kwa spika, na hilo ndilo lililonikera kwanza, kabla hata sijapata mahali pa kukaa. Nilikuwa nimeteremka Masasi asubuhi ile kutoka Newala, nimebeba ndoo kuukuu iliyotoboka, kofia ya pama iliyoliwa na mende, na majivu kidogo kwenye mfuko. Hivyo ndivyo vifaa halali vya mtani anayekwenda kumzika mtani wake. Pale getini kijana mmoja aliyevaa fulana yenye picha ya marehemu akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya kusoma taarifa ya habari, kwamba familia inawashukuru wote waliofika, kwamba chakula kitatolewa na wapishi baada ya maziko, na kwamba utani hautaruhusiwa kwa sababu kuna wageni. Kuna wageni! Kana kwamba sisi tulikuwa mbuzi waliopita kwenye ua. Marehemu alikuwa mtani wangu Mmadi, Myao wa Masasi, na mimi ni Mmakonde wa Newala. Tangu wazee wetu walipochoka kupigana wakakubaliana kutukanana, kazi ya Mmakonde kwenye msiba wa Myao inajulikana: kuwachekesha wafiwa hata wasipotaka, kumsema marehemu kwa vituko vyake vyote, na kulizuia jeneza lisitoke mpaka njia ilipiwe. Yeye angenifanyia hivyohivyo kama ningetangulia. Tulikuwa tumeahidiana, na ahadi ile haikuwa na kifungu cha wageni.

Wakaniketisha kwa wanawake, kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe kama vya harusi. Hapakuwa na kazi ya kufanya. Siku zote nimejua msiba kwa moshi wake: mwenzako anakupa kisu, unamenya, unalia, unasema maneno, unalia tena. Pale wapishi wa kukodi walikuwa na majiko yao ya gesi nyuma ya nyumba, nasi tumekaa mikono mapajani tukitazamana. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Yule mama mwenye ndoo ni nani?" Mwenzake akajibu, "Ndugu wa kijijini, nadhani." Kisha yule wa kwanza, ambaye bila shaka alifanya kazi na marehemu Dar es Salaam, akasema kwa huruma kabisa, "Alikuwa mkimya sana Mzee Mmadi. Miaka yote ile ofisini sijawahi kumsikia akicheka." Nikaishika ndoo yangu kwa mikono miwili nisije nikaitupa. Mkimya! Mmadi! Mtu aliyewatoa watu wa Newala machozi ya kicheko mpaka wengine wakatoka nje kujisaidia, leo anazikwa kama karani aliyepotea njia. Hata kwenye zile fulana alikuwa amevaa tai, amebana midomo.

Mwaka ninaoukumbuka mimi ulikuwa katika miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa ghafla mitumba na redio na sabuni za kunukia, na chama cha ushirika kikafa huku kila mtu akisema hajui nani kakiua. Newala kulikuwa na ghala la korosho la chama, tupu, kuta zake zimelowa mafuta ya maganda mpaka ukiegemea unawashwa. Mzee Sefu, mfanyabiashara kutoka Masasi, alilikodi akaweka televisheni, deki ya video na jenereta, akaziba madirisha kwa magunia ili mchana ugeuke giza, na baada ya alasiri watu wakaanza kuingia. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimeshaachika, na binti yangu Zuhura mgongoni. Nilikuwa nikiuza ming'oko pale mlangoni, ile mizizi ya porini tunayoichemsha, na kwa kuwa mlango ulikuwa haufungi vizuri, niliziona filamu zote nusunusu, upande mmoja wa kioo. Mmadi aliletwa na Mzee Sefu kuwa msemaji. Zamani alikuwa msemaji wa gari la sinema la serikali. Alizunguka nalo Mnyambe, Chilangala, mpaka Tandahimba, akiwaeleza watu kwa spika picha za kilimo bora na za kuchimba vyoo. Gari likafa, likaegeshwa uani Masasi, majani yakaota kwenye injini, na Mmadi naye akaambiwa akasubiri nyumbani. Alisubiri mpaka akachoka. Alikuwa na hasira yule mtu, ila alizivalisha shati safi.

Filamu nyingi za Mzee Sefu zilikuwa za Kichina, na karibu zote zilikuwa za mateke. Siku moja ikaja kanda isiyo na teke hata moja. Kulikuwa na mtu mwembamba mwenye nywele nyingi amebeba ndoo ya maji katikati ya soko. Akiitwa kulia anageuka, maji yanamwagikia muuza samaki. Akiitwa kushoto anageuka, maji yanamwagikia bibi mwenye mayai. Anarudi bombani, anajaza, anaanza upya. Huko ilikotoka, naamini watu walianguka kwa kicheko. Newala hakucheka mtu. Kumbuka tulikokuwa: juu ya mlima mkavu, wanawake tunateremka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshachoma, na bomba likitoa maji siku moja inakuwa habari ya wiki nzima. Ghala zima lilianza kunguruma. Bibi mmoja aliyekaa mbele, ambaye sijui hata aliingiaje, akapiga kelele, "Nnungu wangu! Yote anamwaga? Huyo hana mama?" Wanaume wakasimama kudai warudishiwe kiingilio. Mmadi, ambaye hadi hapo alikuwa akieleza tu kwa upole, "na sasa anamwaga tena," akaona mambo yanaharibika. Akakohoa kwenye kipaza sauti, akasema, "Jamani, msimkasirikie. Huyu si Mchina. Huyu ni Mmakonde wa hapahapa, kapewa maji kwa mara ya kwanza, hajui yanashikwaje!"

Mimi nilikuwa mlangoni na ming'oko mikononi. Sikufikiri. Nilimpigia kelele, "Mwongo! Huyo Myao wa Masasi! Hamwoni alivyojipaka mafuta? Kaoga, kanukia, kabeba ndoo, na kazi hana!" Ghala likalipuka. Mmadi akajibu kwamba Mmakonde mla panya angekuwa na akili asingepanda kukaa juu mlimani na kuyaacha maji chini. Nikamjibu kwamba tulipanda kukimbia harufu ya manukato yao. Kila Mchina alipomwaga ndoo tulimgombania ni wa nani, na yule bibi wa mbele, aliyekuwa karibu kulia, alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Ilipokwisha, wakataka irudiwe.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na tangu siku ile nikawa nasimama ndani. Mmadi alisemea nusu ya watu kwenye kioo, mimi nusu nyingine. Hatukujua neno moja la Kichina wala hatukusingizia kulijua. Tuliwapa wale watu shida zetu wakatubebea. Mwenye nyumba mkali akawa mnunuzi ambaye korosho zako kwake siku zote ni daraja la pili. Mama mkwe akawa mama mkwe, huyo hakuhitaji kubadilishwa. Baada ya maonyesho tulikaa chumba cha nyuma, palipokuwa na mizani ya chama isiyopima tena, tukaweka sufuria juu ya sahani yake na kula ming'oko na chai ya rangi, Zuhura amelala kwenye gunia. Hapo Mmadi aliniuliza kwa nini mtu yule aliyetunga kanda ile alifikiria ndoo na si kitu kingine. Mzee Sefu alikuwa akija kusikiliza kidogo, anatikisa kichwa, anakwenda zake. "Mnazungumza kuhusu Mchina kama mnamdai mahari," alisema.

Ni mimi niliyegundua kwamba kanda nyingine iliyotufurahisha ilitoka kwa mtu yuleyule. Mwanzoni mwa filamu, majina yanapopita, palikuwa na alama tatu peke yake kwenye kioo: ya kwanza ina paa kama nyumba, ya pili kama mwavuli uliofunguliwa, ya tatu kama mtu aliyekunja goti. Nilizinakili kwa mkaa kwenye ubao wa mlangoni, na kila kanda mpya ilipokuja tulizitafuta kwanza. Zikionekana, niliziandika ubaoni kubwakubwa, na watu wasiojua kusoma hata Kiswahili wakazisoma: leo ni Mchina wa Ndoo. Maana tuliamini kwamba yeye mwenyewe, mwenye kuzitengeneza filamu zile, ndiye aliyekuwa akipita humo na ndoo, katika kila moja, hata kama hadithi haikumhusu. Kanda zilikuja bila mpangilio, kama zilivyookotwa na Mzee Sefu, nasi tukampangia maisha yake kwa nywele zake. Ana nywele nyingi: filamu za kuanguka, za kukimbizana, za ndoo iliyojaa pomoni. Nywele zimeanza kurudi nyuma: filamu za mtu anayesubiri kupewa nyumba, na moja nisiyoisahau, ya mtu anayetumwa dirisha hili kwenda dirisha lile katika ofisi kubwa mpaka anasahau alifuata nini, anaomba kazi ya kufagia humohumo. Watu wote wa Newala walikuwa wameshasimama kwenye dirisha lile. Katika hizo ndoo ilikuwa nusu. Alipokuwa na kipara, ndoo ilikuwa na maji ya kulowesha chini tu, na ghala lilimpigia kelele, "Mpeni maji mzee huyo!"

"Unaona?" Mmadi aliniambia siku moja, akipuliza chai. "Huyu mtu kila akizeeka anachekesha zaidi, na kila akichekesha zaidi anazidi kukasirika. Amekasirika mpaka kwenye vidole vya miguu, mtani. Asiye na hasira hachekeshi. Anafurahi tu."

"Na wewe umekasirikia nini?"

"Gari langu," akasema, akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilimpenda siku ile. Si mapenzi ya kuoana. Nilimpenda kwa kuwa alikuwa mwanamume wa kwanza kuniuliza ninafikiri nini na kungoja jibu mpaka chai ikapoa.

Kanda ya mwisho ililetwa wakati korosho zinaanguka, na jina letu la alama tatu lilikuwepo. Mchina wa Ndoo alikuwa mzee kabisa, anatembelea fimbo. Hadithi yenyewe ilieleweka bila msemaji. Mchekeshaji mmoja wa zamani amekufa. Mtoto wake, ambaye amekuwa mtu mkubwa mwenye gari jeusi, anawazuia wenzi wa baba yake wa jukwaani wasiingie msibani na nyuso zao za rangi. Wanasimama nje ya ukuta, wazee watupu. Mchina wa Ndoo yumo kati yao, ndoo yake haina hata tone. Anaigonga kwa fimbo. Ngo. Ngo. Ngo. Nilimtazama Mmadi nimpishe aseme, nikaona amekishusha kipaza sauti. Mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Kumbe Wachina nao wana watani." Halafu yule mzee akaupanda ukuta, akaangukia ndani mbele ya jeneza na ndoo yake ikamfunika kichwa, na picha ikasogea kwenye uso wa yule mtoto mkubwa, midomo inaanza kutetemeka, hujui ni kicheko au kilio. Hapohapo ikakatika. Majina yakaanza kupita. Watu walikaa gizani wakingoja irudi. Haikurudi.

Mzee Sefu alikuja chumba cha nyuma tumekaa bila kula. "Mama Zuhura," alianza na mimi, "nimetia petroli kwenye jenereta ili watu waje kulia?" Akasema ameshaagiza spika kubwa na kanda mpya, za mateke, zinazopiga kelele zenyewe. Watu hawataki maneno, alisema, wanataka kusikia ngumi zinavyotua. Akanyoosha mkono. Na Mmadi, Mmadi yule aliyeligeuza ghala la hasira kuwa ngoma, alimkabidhi kipaza sauti bila neno, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Mimi sikunyamaza. Kesho yake watu walipojaa nilisimama mbele ya kioo nikamtukana Mzee Sefu mbele yao: nikamwambia ameua kitu asichokijua, nikamwambia masikio yake ni ya kubebea kofia tu. Watu walicheka. Walicheka sana, wakapiga makofi, wakidhani ni maonyesho, na mtu akapiga kelele, "Mmadi, mjibu!" Mmadi alikuwa amesimama ukutani. Akatoka nje, na kabla mvua hazijaanza alikuwa Dar es Salaam, mtunza stoo wa kampuni. Siku ya kuondoka alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kinu kilicholala, akasema, "Siku yangu, uje na ndoo." Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia kwamba ningetaka abaki.

Miaka mingi baadaye, barabara ya lami ilipoanza kutengenezwa, nilikuwa nikipika chakula cha vibarua karibu na kambi ya mafundi, na miongoni mwao alikuwepo Mchina mmoja wa makamo anayejua Kiswahili cha kazini. Nilimchorea zile alama tatu mchangani kwa kijiti. Mkono ulikuwa unazijua bado. Alitazama, akacheka kama mtoto, akainuka akatembea hatua kadhaa akigeuka kulia na kushoto na ndoo asiyokuwa nayo. Kisha akakaa. "Huyu kufa zamani," akasema. "Watu wote cheka. Wakubwa hapana cheka." Nikamuuliza ile filamu ya msiba: yule mtoto mwishoni alicheka au alilia? Akafanya vidole vyake kuwa mkasi. "Hapo kata. Wao kata. Hata sisi hatujui." Baada ya ile, alinieleza, hawakumpa tena filamu nyingine. Alifundisha watoto kuchora, kisha akafa. Nilikaa na hasira za mtu nisiyewahi kumwona wiki nzima, nikaunguza ugali wa vibarua mara mbili. Nilitaka kumweleza Mmadi. Namba yake sikuwa nayo, na nilijiambia kwamba mwenye kutaka kusikia angenitafuta.

Kwa hiyo nilipokaa Masasi kwenye kiti chenye kitambaa, huku spika ikirudia tena habari ya wageni, nilikuwa nimeshaiona filamu hiyo. Swala ilipokwisha jeneza likatolewa, wanaume wamelibeba mabegani, na mimi nikainuka. Nilivaa kofia. Nilijipaka majivu usoni. Nikaenda nikalala katikati ya geti, chali, na ndoo juu ya tumbo, na mgongo huu wa uzee ukasikia kila kokoto. Wabebaji wakasimama. Spika ikakoroma na kunyamaza. Akaja Rashidi, mtoto mkubwa wa Mmadi, mtu mzima mwenye mvi kidogo, macho mekundu. Akainama. "Shikamoo, mama." Sikumwitikia. "Mama, tafadhali. Tumetangaza." Nikaigonga ndoo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akaninyooshea taratibu kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua. Ni kweli njia hulipiwa. Lakini hulipiwa kwa matusi kwanza, na fedha hufuata kama kachumbari.

"Sitaki hela yako," nikamwambia. "Nitukane."

"Mama?"

"Mimi Mmakonde, wewe Myao, baba yako yuko begani. Nitukane nipishe!"

"Siwezi kukutukana, mama. Wewe ni mtu mzima." Alisema kwa adabu kabisa, na machozi yakamtoka. "Baba hakutufundisha mambo hayo."

Hapo hasira zangu zikamwacha yule mtoto, zikamwacha kijana wa spika na wageni wao wote, zikapanda moja kwa moja hadi kwenye jeneza. Nikainuka na majivu yangu. "Mmadi!" nikamwambia. "Mjinga wewe! Myao gani anakufa kimya? Ulirudisha kipaza sauti cha Sefu, nani alikwambia urudishe na mdomo? Miaka yote hiyo umewalisha watoto wako wali, ukawanyima kicheko! Ulikibania nini, ulitaka kuzikwa nacho? Umejifunga tai mpaka kicheko kikakosa pa kutokea! Wanakulia watu wasiokujua, Mmadi, wanamlilia mtunza stoo! Na mimi umeniacha kwenye kioo peke yangu nasemea watu wote, wanaume na wanawake, na mbwa wao!" Sikuwa nikichekesha. Naapa sikuwa nikichekesha. Nilikuwa nimekasirika mpaka kwenye vidole vya miguu, ninalia, kamasi zinachora njia kwenye majivu, na mzee mmoja kati ya wabebaji akapaliwa. Akajaribu kujizuia. Bega lake likaanza kutikisika, jeneza nalo likatikisika, na mwenzake akamwambia, "Acha, tutamwangusha," kisha naye akapaliwa, na nyuma kwenye viti vyeupe nikasikia sauti za wanawake zikifunguka moja baada ya moja.

Nilimtazama Rashidi. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimeuona uso ule, hapo hasa ndipo walipokata, na nilingoja, na sikuwahi kungoja kitu maishani mwangu kama nilivyongoja pale. Akajifuta pua kwa mkono wa shati lake la bei kubwa. Akavuta pumzi.

"Toka njiani, mla panya mkubwa wewe," akasema, sauti imekatika katikati. "Baba yangu anachelewa."

"Marahaba," nikamwitikia. Nikaokota ndoo yangu, nikapisha.